Nani Aliyachafua Maji? Mhadhara juu ya Neno "Machafuko"

Mvuvi akisimama ufukweni alfajiri, akatazama mawimbi yanavyogongana, kisha akasema bahari imechafuka, hakuna atakayemuuliza ni nani aliyeichafua. Upepo umegeuka, basi. Atarudisha nyavu nyumbani na kungoja. Mama akisema tumbo la mwanawe limechafuka, tutatafuta dawa kabla ya kutafuta mkosaji. Roho nayo huchafuka: mtu akasikia kichefuchefu, au akakosa raha kiasi cha kushindwa kukaa mahali pamoja, tukamfungulia dirisha apate hewa. Hata kikaoni, wakubwa wanapoanza kutupiana maneno, atatokea mmoja wa kunong'ona kwamba hali ya hewa imechafuka, na wenye busara wataanza kukusanya makaratasi yao. Kitenzi ni kimoja katika yote hayo. Kina chimbuko katika sifa nyepesi kabisa, -chafu, na kutoka hapo kimepanda daraja hadi daraja: nguo, maji, bahari, tumbo, roho, kikao, na mwisho nchi. Kilipofika kwenye nchi tukakifanya nomino, machafuko, tukakitumia kuelezea watu kuuawa majumbani mwao. Hoja yangu leo ni kwamba kitenzi hiki kilipopanda hadi huko kilibeba na tabia yake ya ufukweni, ile ya kutomuuliza mtu yeyote, na kwamba tabia hiyo, isiyo na madhara kwa mvuvi, ina madhara makubwa tunapoizungumzia Mangateen.

Mangateen ni mtaa wa Juba, Sudan Kusini, na jina hilo sasa ni la kambi ya waliohamishwa makwao pia. Ukiuliza watu wake walifikaje pale, jibu la Kiswahili utakalolipata katika taarifa nyingi ni sentensi moja: walikimbia machafuko. Tuifungue sentensi hiyo tuone kilichomo. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, nchi ikiwa na umri wa miaka miwili na miezi michache tangu uhuru wa 9 Julai 2011, risasi zilianza kulia ndani ya kambi ya kikosi cha ulinzi wa rais. Wanajeshi waliokuwa upande wa Rais Salva Kiir na waliokuwa upande wa Riek Machar, aliyekuwa makamu wake hadi Julai mwaka huo, walipigana wao kwa wao. Siku zilizofuata mapigano yalitoka kambini yakaingia mitaani, na hapo hayakuwa tena mapigano. Wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Juba walikokaa Wanuer, kabila la Machar, na Mangateen ukiwa mmojawapo, wakiwatafuta wanaume. Katika jengo moja la polisi huko Gudele, mtaa mwingine wa Juba, mamia ya wanaume walifungiwa na kupigwa risasi. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia vituo vya Umoja wa Mataifa, kile cha Tomping karibu na uwanja wa ndege na kile cha UN House upande wa Jebel, na wengi wakakaa huko kwa miaka. Agosti 2018 vita vikazuka ndani ya UN House yenyewe, safari hii Wanuer kwa Wanuer, makundi yaliyotoka maeneo tofauti. Maelfu walioshindwa kuendelea kukaa pale wakahamishiwa Mangateen. Hebu fikirini: mtaa ambao Mnuer aliukimbia 2013 ndio uliopokea kambi ya Wanuer 2018, na kwa safari ya kwenda na ya kurudi Kiswahili kinatumia neno lilelile moja.

Sasa tuingie kwenye sarufi, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu siri yote imelala humo. Shuleni tulifundishwa kauli za kitenzi. Ng'ombe wameyachafua maji: hiyo ni kauli ya kutenda. Maji yamechafuliwa na ng'ombe: kauli ya kutendwa, ambapo ng'ombe wamesogezwa nyuma lakini bado wapo, wamefungwa kwenye sentensi kwa kamba ya "na". Maji yamechafuka: kauli ya kutendeka. Jaribuni kuwarudisha ng'ombe hapo. Maji yamechafuka na ng'ombe? Sikio linakataa, mtu atadhani ng'ombe nao wamechafuka. Ile -k- ndogo imeufunga mlango, na mtenda hana pa kuingilia. Kisha angalieni jinsi nomino ilivyoundwa. Machafuko haikutoka kwenye chafua, imetoka kwenye chafuka, ikapewa -o ya mwisho ambayo hutaja tokeo au hali, kama anguko lilivyotoka kwenye anguka na badiliko kwenye badilika. Kwa hiyo mtenda amezikwa mara mbili, kwanza kwenye kitenzi na halafu kwenye nomino, na juu ya kaburi pamewekwa ile ma- ya wingi, inayofanya kitu kionekane kimetapakaa kila mahali na hivyo hakina mwanzo.

Mtu anaweza kudhani kwamba hiyo ni ajali ya maumbo, kwamba Kiswahili hakikuwa na njia nyingine. Kilikuwa nayo. Mapinduzi yametokana na pindua. Ile z ni mabaki ya l ya kale iliyokutana na i ya mwisho, na umbo hilo humbeba mtu anayefanya, mpinduzi. Ndiyo maana yanapotajwa Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964, swali la kwanza ni nani alimpindua nani, na hata leo watu wanabishana juu ya majina. Hakuna anayesema mapinduko ya Zanzibar. Tena mzizi wetu huuhuu wa chafu una tawi la namna hiyo: uchafuzi, na mwenye kuufanya ni mchafuzi. Tunalitumia wapi? Kwenye mazingira. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 na ile ya Tanzania ya 2004 zote zina kanuni kwamba mchafuzi alipe. Mafuta yakimwagika mtoni tunauliza kampuni gani, bomba gani, fidia kiasi gani. Sudan Kusini ni nchi ya mafuta, na malalamiko juu ya maji ya majimbo ya Unity na Upper Nile yanaandikwa kwa neno uchafuzi, kama inavyostahili. Damu ikimwagika Gudele, umbali wa muda mfupi tu kutoka Mangateen, tunaandika machafuko. Mto umepewa sarufi ya haki, watu wamepewa sarufi ya hali ya hewa.

Maneno ndugu yanatufundisha jambo jingine. Fujo ina mfanya fujo. Vurugu inatoka kwenye vuruga, na mvurugaji hajifichi. Fitina tuliipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake inahusishwa na kuijaribu dhahabu kwa moto. Waandishi wa historia ya Kiislamu wakaifanya jina la vita vya ndani vilivyofuata kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656. Ilipovuka bahari ikapungua mwili, ikawa maneno ya kuwagombanisha majirani, lakini haikumpoteza mwenyewe: mfitini anajulikana mtaani kwa jina na kwa nyumba. Ghasia nayo ina kikosi kizima cha polisi Tanzania cha kuituliza, na ukiona kikosi kinatumwa ujue kuna watu wanaofuatwa. Ukiyapanga maneno haya kwa kuangalia yanatumika kwa nani, utaona jambo ambalo mimi silioni kuwa la bahati nasibu. Vijana wakichoma matairi barabarani, hao ni wafanya fujo, wana ghasia, wana vurugu. Watenda wapo na virungu vipo. Majeshi yenye vifaru yakigawanyika na kuua raia kwa maelfu, hayo ni machafuko. Kadiri mtenda anavyokuwa mkubwa ndivyo neno linavyomstahi.

Wanaoishi Mangateen wanatoka katika lugha ambayo imeufikiria uchafu wa mauaji kwa namna nyingine kabisa. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake The Nuer cha 1940, alieleza jinsi Wanuer walivyotenganisha kwa majina ugomvi wa watu wawili, pigano la jamii kwa jamii, uvamizi wa ng'ombe, na kisasi cha damu kinachoitwa ter. Ter haiwezi kuelezwa bila kutaja pande mbili. Ni deni, na deni lina mdai na mdaiwa. Zaidi ya hapo kuna nueer, hatari inayotokana na kuua. Kwa desturi hiyo, aliyeua alikuwa na damu ya marehemu mwilini mwake. Hakupaswa kula wala kunywa mpaka aende kwa kuaar muon, mtu wa ardhi, ambaye wageni walimwita chifu wa ngozi ya chui, naye amchanje mkono damu hiyo itoke. Ndugu wa muuaji na ndugu wa aliyeuawa hawakuweza kula chombo kimoja hadi ng'ombe wa fidia walipwe. Linganisheni na neno letu. Kwa Kiswahili uchafu umo majini, umeenea, wote tunauogelea. Kwa Wanuer uchafu umo katika mkono wa mtu mmoja, na unajulikana mkono upi.

Hapa ningeweza kuishia na kupigiwa makofi, nikiwa nimewasifu Wanuer na kuwakaripia Waswahili. Ushahidi lakini hauruhusu. Sharon Hutchinson, aliyeandika Nuer Dilemmas mwaka 1996, ameeleza yaliyoupata mfumo huo wakati wa vita vya pili vya Sudan vilivyoanza 1983. Makamanda wa SPLA, jeshi la waasi wa kusini, Riek Machar akiwa mmoja wao, waliwaambia wananchi kwamba kuna vita vya aina mbili. Kuna koor cieng, vita vya nyumbani, ambavyo mauaji yake yana nueer na fidia. Na kuna koor kume, vita vya serikali, ambavyo anayeua humo hana deni kwa ndugu wa marehemu wala hatari mwilini mwake. Kume ni hukuma ya Kiarabu, yaani serikali, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi hukumu na hakimu. Historia ina mzaha wake. Koor kume ni jina linalomtaja mwenye vita waziwazi. Hakuna -k- ya kutendeka hapo. Na bado lilifanya kazi ileile ya machafuko, tena kwa makusudi zaidi: lilimtaja mtenda mkubwa asiyeweza kuchanjwa mkono, ili mtenda mdogo aliyeshika bunduki aende nyumbani akale. Kwa hiyo sitaki kudai kwamba kumtaja mtenda katika neno kunatosha. Ninadai kidogo zaidi ya hapo, na kigumu zaidi: kwamba jina la tukio liache nafasi ambamo mtu mwenye mwili na jina anaweza kuulizwa. Machafuko hayana nafasi hiyo kwa sababu hayana mtu. Koor kume haikuwa nayo kwa sababu mtu wake hakuwa na mwili.

Pingamizi la kwanza naliheshimu, maana linatoka kwa wenzangu wa isimu. Watasema nimelitwika neno mzigo usio wake. Msemaji anayesema machafuko hafikirii viambishi, kama vile anayesema jua limechwa hadhani jua linatembea. Ni kweli. Lakini sikusema kwamba msemaji ana nia ya kuficha. Nimesema neno linamwezesha kumaliza sentensi bila kuhisi pengo. Ukisema "watu waliuawa Gudele", msikilizaji anabaki na njaa ya swali: na nani? Ukisema "kulitokea machafuko Gudele", amekula ameshiba. Njaa hiyo ndiyo inayomfanya mwandishi apige simu ya pili.

La pili ni la watu wa amani, nalo lina uzito wa damu. Wanasema katika nchi ambamo kila jina la mtenda linasikika kama jina la kabila, kutaja ni kuchochea. Desemba 2013 ilionyesha jinsi kosa la wachache linavyogeuzwa alama usoni mwa kila anayezungumza lugha yao, na mwezi Aprili 2014 katika mji wa Bentiu wapiganaji wa upande wa Machar wakawaua mamia ya raia, wengine ndani ya msikiti, kwa kuwabagua kwa asili zao vilevile. Tena kutaja kunaweza kuwa silaha ya aliye madarakani: Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akashtakiwa kwa uhaini na mauaji kuhusu mapigano ya mji wa Nasir, huku anayemshtaki akiwa serikali ya mshindani wake. Nakubali hofu hizo zote. Ila angalieni ni neno lipi linalochochea zaidi. Pasipo na mtenda aliyetajwa, akili haikai bure. Inamtafuta, na jirani ndiye wa karibu. Ukimwambia mtu aliyefiwa kwamba kakake alikufa kwenye machafuko, hataamua kwamba hakuna aliyemuua. Ataamua kwamba wale wote walimuua. Ni kutendeka kwa sarufi kunakozaa kabila zima lenye hatia, ilhali sentensi yenye kikosi, kamanda na tarehe ingeipunguza hatia hiyo hadi ukubwa wake wa kweli.

La tatu linasema kuna mambo ambayo kweli hayana mtenda mmoja. Wapo watakaonikumbusha vita vya 2018 ndani ya UN House, vilivyojaza Mangateen: watu waliobanana kwa miaka, vijana wasio na kazi, chuki za kule walikotoka, na cheche moja. Hapo nakubali bila kinyongo kwamba kutendeka ni kauli ya ukweli, au angalau ya unyenyekevu. Usiku wa 15 Desemba 2013 pia, saa za mwanzo, mtangazaji aliyesema hali imechafuka Juba alisema alichokijua. Lakini kauli hiyo ina muda wake, kama dawa. Umoja wa Afrika uliunda tume chini ya Olusegun Obasanjo, aliyekuwa Rais wa Nigeria, na ripoti yake ikatolewa Oktoba 2015. Tume haikuona ushahidi wa yale mapinduzi yaliyodaiwa na serikali, iliona kwamba mauaji ya Wanuer mjini Juba yalipangwa na kuratibiwa, na ikaona sababu za kuamini kwamba pande zote mbili zilitenda uhalifu wa kivita. Tangu mwezi huo, aliyeendelea kuandika machafuko ya Desemba 2013 bila nyongeza alikuwa akitumia dawa iliyokwisha muda.

Lipo pingamizi la nne, jepesi, kwamba Mangateen wanasema Kinuer na Kiarabu cha Juba, hivyo Kiswahili chetu hakiwahusu. Kinawahusu. Wapo waliolelewa Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992, na wapo waliosoma Uganda. Soko la Konyokonyo lina wafanyabiashara wa kutosha kutoka nchi zote mbili kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya bei. Tarehe 15 Aprili 2016 Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam. Miezi mitatu baadaye, Julai, Juba ililipuka tena. Nchi hiyo imo ndani ya lugha yetu sasa, na watoto watakaojifunza Kiswahili huko watajifunza pia jinsi tunavyoyaita yaliyowapata wazazi wao.

Na lugha hubadilika inapolazimika. Rwanda ya 1994 nayo ingeweza kubaki machafuko. Baraza la Usalama lilianzisha mahakama Novemba mwaka huo, ikaketi Arusha, katikati ya nchi ya Waswahili, na Kiswahili kikazoea kusema mauaji ya kimbari. Tazameni muundo wake: mauaji, kutoka ua, si kutoka fa au koma. Kuna anayeua. Neno gumu, la vitabuni, wengi hawakulijua siku ya kwanza, na leo halihitaji kufafanuliwa.

Kinyume cha machafuko kwa Kiswahili ni utulivu, na hilo nalo ni neno la majini. Maji yakitulia tope halijatoka, limezama chini tu, na kila mchota maji wa kisimani anajua asitumbukize ndoo kwa nguvu. Makubaliano ya amani ya Sudan Kusini ya Addis Ababa ya 12 Septemba 2018 yaliahidi utulivu, na katika sura yake ya tano yakaahidi kitu kingine pia, kama yalivyofanya yale ya 2015: mahakama mseto, itakayoundwa na Umoja wa Afrika, ya kuwahukumu waliotenda makosa makubwa tangu 15 Desemba 2013. Mahakama hiyo haijaketi. Lugha yoyote itakayoitumia, hati yake ya kwanza ya mashtaka haitaweza kuandikwa kwa kauli ya kutendeka, kwa sababu mstari wa juu kabisa wa hati ya namna hiyo huachwa wazi kwa ajili ya jina la mtu.